Mwaka wa Torati Nyumbani kwa Bi Pesia

Bi Pesia tulimzika mwezi uliopita, kaskazini ya Toronto, siku ya baridi ya kukata masikio. Wayahudi hawawaachii vibarua kazi ya kufukia. Kila aliyekuja anashika sepeto, na udongo wa kwanza unautupa kwa mgongo wa sepeto, si kwa tumbo lake, ili uonekane wazi kwamba kazi hii huifanyi kwa haraka wala kwa kupenda. Binti yake Miriamu alinipa sepeto mimi baada ya wajukuu na kabla ya majirani, na hakuna aliyeuliza huyu bibi mwenye kilemba ametoka wapi. Udongo ulikuwa umeganda mabonge, ukianguka juu ya ubao unasikika kama mtu anayebisha hodi. Nilirudi Brampton nikakaa jikoni na koti langu mwilini mpaka chai ikapoa. Mjukuu wangu Upendo, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, akaniuliza yule mama alikuwa nani kwangu, bosi wangu? Jibu lake si fupi. Mimi nimesoma hadi darasa la nne, mkono wangu ni mzito kuandika, ila majina ya watu huwa sisahau, na mwaka ule wa kwanza niliokaa na Bi Pesia naweza kuusimulia juma kwa juma.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu. Tulikuwa tunakaa chini ya nyumba ya familia moja ya Kipunjabi, madirisha yetu yako juu karibu na dari, ukiangalia nje unaona viatu vya watu na theluji. Nililetwa na binti yangu Nakunda kumlea Upendo, na Upendo alipoanza shule nikabaki naongea na jokofu. Mama Debora, Mkenya wa kanisani kwetu, muuguzi, ndiye aliyenitafutia kazi kwa Bi Pesia. Alinieleza kwamba ni ajuza wa Kiyahudi, macho yamekufa nusu, alianguka jikoni mwaka uliotangulia, na sasa binti yake hataki aguse jiko peke yake. Nilishangaa. Kwetu Upareni tumezaliwa Wasabato, tumekariri makabila kumi na mawili tangu tukiwa watoto, lakini nilikuwa nadhani Waisraeli waliishia ndani ya Biblia. Sikujua wapo, wanavaa ndara na kifaa cha kusikilizia sikioni, na wanalalamika kwamba lifti imeharibika tena.

Siku ya kwanza Miriamu alinizungusha nyumba nzima. Mama wa makamo, mwembamba, anaongea huku anatembea. Akanionyesha sinki la vyombo vya nyama na sinki la vyombo vya maziwa, akaniambia nisivichanganye hata kwa bahati mbaya. Kisha akafika kwenye jambo lenyewe: walichohitaji hasa ni mtu wa Jumamosi, mtu asiye wao, ambaye Sabato haimhusu, anayeweza kuwasha na kuzima vitu. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba Jumamosi sifanyi kazi. Ijumaa jua likizama, nami natua. Miriamu akashika shavu. Kwenye kiti cha dirishani nikasikia mtu anacheka, kicheko cha kukohoa.

"Mungu ana mzaha," Bi Pesia akasema. "Nimeomba mtu wa mataifa, ameniletea mtu wa Musa." Kisha akanigeukia kunisaili kama mzee wa kanisa. "Nguruwe?"

"Hatuli, mama."

"Samaki asiye na magamba?"

"Hatuli."

"Nyama na maziwa kwenye sahani moja?"

"Hivyo tunakula."

"Basi umepungukiwa kidogo tu," akasema, na kazi nikaipata, Jumatatu hadi Ijumaa jioni.

Ijumaa ile ile ya kwanza nilimkosea kosa ambalo alinitania nalo miaka yote. Baada ya yeye kuwasha mishumaa yake nilivaa koti niondoke, na kama nilivyozoea nyumbani, ambako umeme ni wa kuonea huruma, nikapita nazima taa: chooni, jikoni, ukumbini. Taa zile walikuwa wameziacha makusudi ziwake mpaka kesho yake usiku, maana wao hawawashi wala hawazimi siku hiyo, na hata asiye wao hawaruhusiwi kumwomba waziwazi awawashie, humdokezea tu. Bi Pesia, amekaa kwenye mwanga wa mishumaa, akasema, "Chooni kuna giza." Nikamjibu kwa adabu kwamba ni kweli, mama, siku hizi za baridi giza huingia mapema. Akasema na jikoni nako kuna giza. Nikamwambia kweli kabisa, nikamtakia Sabato njema, nikafunga mlango. Jumatatu alinieleza jinsi alivyopapasa ukuta mpaka Miriamu alipokuja kwa miguu asubuhi, na yeye naye hakuweza kufanya kitu. Alicheka hadi akatoa kile kifaa sikioni.

Sasa kuhusu Torati. Wao wamevigawa vitabu vitano vya Musa mafungu mafungu, kila juma na fungu lake, na fungu lina jina kama mtu. Mwaka ukiisha wanakuwa wamemaliza, na siku ile ile wanayomaliza wanaanza upya Mungu alipoumba mbingu na nchi, hawapumziki hata kunywa maji. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana Bi Pesia alifungua kitabu chake kikubwa, akashika kioo cha kukuzia, akaanza kusogeza midomo. Nami nilikuja na Biblia yangu ya Kiswahili, nikatafuta mahali pale pale. Yeye anasoma chake, mimi nasoma changu kwa sauti, polepole, kidole kwenye mstari. Kiswahili alikuwa hajui hata neno, lakini majina yalimwambia nimefika wapi. Akisikia Abrahamu, akisikia Rebeka, akisikia Labani, anatikisa kichwa, na kwa Labani anasonya.

Nilijaribu mara moja kumrukisha. Lilikuwa fungu wanaloliita Maisha ya Sara, na mstari wa kwanza tu Sara anakufa, halafu ni Abrahamu na wale wenye shamba wanapatana bei ya kaburi. Nikamwambia mama, tusome kitu cha kututia moyo, zipo zaburi nzuri. Kanisani kwetu ndivyo tunavyofanya, mtu ana shida tunamchagulia fungu la kumfaa. Akakataa. Akasema juma ni la Sara, na anayeliruka juma la kaburi, litamngojea mbele. Kwao wewe huchagui fungu, fungu ndilo linakukuta ulipo, umevaa ulivyovaa. Nililiona jambo gumu la watu wagumu. Jikoni sufuria ya Ijumaa ilikuwa imeshaandaliwa, maharage, shayiri, viazi na kipande cha nyama, hukaa juu ya moto mdogo tangu Ijumaa mpaka Sabato mchana, na ukila ni makande matupu. Kila Jumatatu nilikuwa nakula kiporo cha makande ya Bi Pesia huku nikiwaza kwamba watu hawa kwa chakula tunaelewana, kwa kufarijiana bado.

Mwanangu Mbonea alikufa mwezi wa pili, juma la kujenga hema, lile la mbao na mapazia na pete za dhahabu. Alikuwa kwetu Same, aliumwa homa siku chache, akafa. Alikuwa mzaliwa wangu wa kwanza, na kwa sababu yake tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa hakuna aliyeniita kwa jina langu. Nilikuwa Mama Mbonea sokoni, Mama Mbonea kanisani, na Toronto pia Nakunda alinitambulisha hivyo hivyo. Makaratasi yangu ya kukaa yalikuwa bado yako kwa wakubwa, na mwanasheria alisema nikitoka sasa huenda nisiruhusiwe kurudi. Nakunda akalia akiniomba nisiende, maana mtoto ataachwa na nani, na wajomba huko nyumbani wakasema hawawezi kumweka marehemu kwa kungoja makaratasi. Wakamzika. Niliuliza kwa simu waliobeba jeneza, nikatajiwa mmoja mmoja: Elifasi, Yoeli, Kirita jirani yetu, na Mchome mwenye mashine ya kusaga. Majina hayo ndiyo mazishi yangu.

Watu wa kanisa walikuja jioni moja. Walijaa kwenye kile chumba chetu, wakaleta wali na maharage na chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya foili, wakaimba, mzee wa kanisa akanikumbusha kwamba marehemu amelala tu hadi asubuhi ya ufufuo. Kufika saa tatu walikuwa wanatafuta viatu vyao, kila mtu ana zamu ya asubuhi, mwingine ghala la Mississauga, mwingine wazee wa kuogesha huko Markham. Siwalaumu. Kwetu matanga ni kulala chini, wanawake wamejaa kama magunia, mmoja akinyamaza mwingine anapokea, mpaka machozi yenyewe yachoke. Hapa matanga yaliisha kabla chapati hazijapoa. Nilikuwa chooni nikamsikia Nakunda kwenye ngazi anamwambia Mama Debora kwa sauti ya chini: "Naomba msimwite tena Mama Mbonea, mtamtonesha." Na Jumamosi iliyofuata kanisa zima, tangu mlangoni, nilikuwa Mama Nakunda. Waliniita kwa upole, kama mtu anayefunika chakula nzi wasitue. Nilimpoteza mwanangu mara ya pili, na mara hii nilikuwepo.

Kazini sikusema. Nani anamweleza mwajiri msiba wake wakati makaratasi yake hayajatoka? Niliosha vyombo vya nyama kwenye sinki la nyama, nikamkata Bi Pesia kucha, nikasoma Alhamisi zangu. Tukaingia kitabu cha Walawi, mafuta na figo na damu, sikuona hata ninachosoma. Ikapita na Pasaka yao, nyumba nzima ikafagiwa chembe za mkate wenye chachu mpaka ndani ya mifuko ya makoti. Baada ya Pasaka tukafika fungu la siku ya nane, Haruni anaanza kazi ya ukuhani, watu wote wamekusanyika, furaha, na siku ile ile wanawe wawili, Nadabu na Abihu, wanaleta moto wasioagizwa, na moto unatoka kwa Bwana unawala. Haruni hakusema neno. Binamu zake Mishaeli na Elsafani ndio walioitwa kuwabeba kuwatoa nje ya kambi. Na Haruni mwenyewe akakatazwa kurarua nguo na kufumua nywele. Nyumba yote ya Israeli walie, yeye asitoke hapo mlangoni pa hema, kazi iendelee.

Fungu hilo nimelisikia tangu utoto, na siku zote lilihubiriwa kwetu kuonya juu ya moto wa kigeni. Sikuwahi kumwona Haruni. Siku ile nilimwona amesimama na nguo zake safi za kazi, anahesabiwa kuwa ni shujaa. Kidole changu kikagoma kwenye mstari.

Bi Pesia akauliza kama nimepoteza mahali. Nikamwambia hapana, mahali nimepaona. Nikamweleza habari za Mbonea, kwa kifupi, kwa Kiingereza kibovu, kama mtu anayeripoti kikombe kilichovunjika. Aliuliza lini. Aliuliza kama nilikaa. Nikamwambia watu walikuja, waliimba. Akauliza tena, anaona sijamwelewa, kama nilikaa chini. Kwao mfiwa hukaa siku saba kwenye kiti kifupi, bila viatu vya ngozi, hapiki, hamlaki mtu mlangoni, na anayekuja kumpa pole hafungui mdomo mpaka mfiwa mwenyewe aseme kwanza. Nikamwambia sikukaa. Akahesabu kwa vidole, akasema siku saba zimepita na zile thelathini za maombolezo zimepita, lakini aliyepata habari baada ya siku thelathini ana sheria yake: anakaa saa moja. Nikamwambia mimi habari nilizipata siku ile ile. Akasema habari ulizipata, nafasi hukupata, na Mungu kama ana neno aje aniulize mimi.

Akanionyesha kigoda cha kupandia kabati. Nikavua viatu nikakaa, magoti yananifika kifuani, na mama mwenye umri wa kunizaa akashika ukuta kwenda jikoni. Niliinuka kumzuia, akanirudisha kwa kidole bila kugeuka. Nikasikia maji, nikasikia jiko linawaka. Kwao mfiwa hali chakula chake mwenyewe mlo wa kwanza, anapikiwa na mwingine, yai na dengu, kwa sababu dengu ni duara na hazina mdomo, kama mfiwa. Alirudi na yai tu, dengu akaziacha motoni, akavuta kiti karibu nami akanyamaza. Kwetu kimya hicho kingekuwa tusi, mtu anakuja msibani anakutazama tu. Sikusikia huruma yake wala ushauri wake, nilisikia jokofu na mtu anavuta kiti ghorofa ya juu. Halafu mdomo wangu ukaanza wenyewe kutaja: Elifasi, Yoeli, Kirita, Mchome. Nikamweleza Mchome ana mashine ya kusaga na bega moja limeshuka, bila shaka jeneza lilienda upande. Nikamweleza kwamba Mbonea akiwa mtoto alikuwa halali bila kushika sikio langu. Hapo nikalia kilio cha kwetu, cha kuita, ambacho kwenye nyumba za ghorofa za Toronto hakipandi wala hakishuki bila watu kufungua milango. Bi Pesia akatoa kifaa sikioni, akakiweka mezani, akabaki ameshika bega langu. Hakuniambia nyamaza.

Miriamu aliingia na mifuko ya mahitaji ya Sabato katikati ya kilio hicho, na nyumba ilikuwa inanuka kuungua. Dengu zilikuwa zimekauka zimegeuka makaa. Akakimbia kuzima jiko. Akarudi amekuwa mwekundu, akamuuliza mama yake anataka kuchoma jengo zima, akanigeukia akasema kwamba niliajiriwa nimpikie mama yake, si mama yake anipikie mimi na mimi nimekaa. Alikuwa na haki. Nilitaka kuinuka, mkono wa Bi Pesia ukazidi uzito.

"Nyamaza, Miriamu. Mgeni hasemi kwanza. Huyu anakaa saa moja kwa mwanawe aliyekufa."

Miriamu akasema sheria hizo si zake huyu, yeye si mmoja wetu, na hiyo ya saa moja mama yake ameitoa wapi. Bi Pesia akarudisha kifaa sikioni taratibu. Akasema hakuitoa kitabuni, aliikaa. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha alikuwa msichana, kwenye kituo cha treni, kwenye foleni ya supu, na mtu wa mji wao aliyekuwa mbele yake akageuka akamtambua. Akamtajia pale pale watu wa nyumbani kwao waliouawa. Baba yake Leibl, mama yake Hena, dada zake Rohl na Gitl, na Motl mdogo. Ilikuwa imepita miaka miwili na yeye alikuwa hajui. Mwanamke mzee asiyemjua akamwambia sheria ya anayesikia kwa kuchelewa, akamlazia sanduku chini akae. Akakaa saa moja kwa wote watano, maana sheria haisemi uzidishe. Aliposimama foleni ilikuwa imeisha na supu imeisha. Makaburi yao hayapo popote.

Niliona usoni kwa Miriamu kwamba majina mengine alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Alichukua ile sufuria akaingia jikoni, tukasikia maji na steli ya kusugulia, anasugua, anasugua, muda mrefu kuliko sufuria yoyote inavyohitaji. Bi Pesia akaniuliza kwetu wananiitaje. Nikamwambia sasa ni Mama Nakunda. Akaniuliza na kabla. Nikamwambia. Akajaribu mara mbili, M ikamshinda, akasema "Mama Bonea, kula yai lako." Na tangu siku hiyo mpaka sauti ilipomkauka aliniita hivyo hivyo.

Mwaka ulipokwisha tulimsoma Musa akifa nje ya nchi aliyoiendea miaka yote, na kaburi lake hakuna alijuaye. Nilidhani atalia. Alifungua kurasa za mwanzo, akanihimiza nami nifungue. Nimelitafakari sana hilo, na bado sijui kama ni imani au ni ukaidi. Kaburi la Mbonea nilikuja kuliona baada ya miaka, limesakafiwa vizuri, nyasi zimefyekwa, na nilisimama pale sina chozi, kama mtu aliyefika harusini kesho yake.

Lakini nirudi Alhamisi ile ya yai. Jioni Nakunda alinifuata kama kawaida. Aliegesha chini ya jengo, injini inanguruma, amevaa tayari koti la kazini, zamu yake ya usiku ghalani inamngoja. Akaona macho yangu. Nikamwambia nimekaa saa moja kwa ajili ya Mbonea. Nikamwambia pia kwamba nilimsikia kwenye ngazi, na kwamba simkasirikii, ila mimi ni Mama Mbonea na nitakufa Mama Mbonea, awaambie kanisani. Akaendesha mpaka taa nyekundu ya kwanza, ikawa kijani, hakwenda, watu nyuma wakapiga honi. Akaingia kwenye uwanja wa duka lililokuwa karibu akasimama.

"Mama, mimi ndiye niliyepokea ile simu," akasema. "Ilikuja asubuhi, wiki ile niko zamu ya mchana. Nikaiweka mfukoni nikamaliza zamu. Nilipakia maboksi mpaka saa kumi, halafu nikaja kukuambia. Kaka yangu amekufa na mimi nabandika lebo."

Sikujua. Miezi yote ile nilikuwa nimemwona ana nguvu, nikamwonea wivu nguvu zake. Nikamwuliza kama alishawahi kukaa. Akatikisa kichwa, akatazama saa ya gari, akatazama barabara ya kwenda ghalani. Kisha akazima injini. Vioo vikaanza kufunga ukungu. Sikuweza kujua kati yetu nani ni mfiwa na nani ni mgeni, nani anapaswa kuanza kusema, kwa hiyo hakuna aliyeanza.